Wiki ya Mashimo, Ngamia na Uzio: Renmark hadi Coober Pedy

Jumamosi: Renmark, Morgan, Burra

Nianze na viza, maana ndilo swali la kwanza kila nikirusha picha za huku. Niko Australia kwa viza ya daraja la 417, ile inayomruhusu kijana kutembea nchi huku akifanya vibarua vya kumlipia safari. Pasipoti ya Tanzania au ya Kenya haikufikishi hapo. Orodha ya 417 na ya nduguye 462 hazina nchi hata moja ya Afrika. Mimi ni mzaliwa wa Arusha lakini nasafiria pasipoti ya Kanada, na Wakanada wanaruhusiwa kuomba hadi wakiwa na miaka 35. Ukitaka kuongezewa mwaka wa pili, sharti ukamilishe siku 88 za kazi maalumu mikoani: kuchuma matunda, kupogoa mizabibu, kazi za ranchi. Ndicho kilichonileta Renmark, Australia Kusini, kwenye machungwa ya mto Murray, wakati nusu ya ukoo inadhani niko ufukweni Sydney.

Kazi yenyewe haina maajabu. Mfuko mkubwa kifuani, mkasi mkononi, ngazi, na bini, yaani kasha kubwa, la kujaza. Tangu Aprili 2022 anayelipwa kwa bini hatakiwi kupata chini ya kima cha chini cha saa, na ukikuta shamba linalosema vinginevyo, hama. Kinachonichekesha ni kwamba kilimo hiki cha umwagiliaji kilianzishwa mwaka 1887 na ndugu wawili, George na William Chaffey, watu wa Ontario. Wakanada walikuja kumwagilia nusu jangwa, nami na pasipoti yao nimekuja kuchuma.

Ghala la kupakia limefungwa wiki hii kwa matengenezo. Mama mmoja ninayefanya naye kazi, mtu wa Uvira aliyekaa kambini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Adelaide, ana Prado kuukuu na hana pa kwenda. "Mwanangu," akaniambia, "miaka yote niko huku, naonaka tu barabara ya kazi." Nikamwonyesha ramani. Nilikuwa nimeshaweka alama kwenye vitu ambavyo vitabu vya watalii hutaja mwishoni kwa maandishi madogo: nyumba za mashimoni, msikiti wa jangwani, picha ya mtu inayoonekana kutoka angani tu. Mama akatazama, akauliza bei ya mafuta, akakubali.

Tumetoka saa moja asubuhi, baridi ya Julai ya kufanya pua iume. Kivuko cha Morgan hakina nauli na kinafanya kazi usiku na mchana, kama vivuko vyote vya magari kwenye Murray upande huu. Mama ameuliza mara mbili tunalipia wapi. Alivuka maziwa na mito ya kutosha maishani, hakuna aliyewahi kumvusha bure.

Ukitoka Morgan kwenda Burra nchi inakauka mbele ya macho. Mwaka 1865 mpimaji wa serikali, George Goyder, alichora mstari kwenye ramani: kusini yake unaweza kulima, kaskazini yake mvua si ya kuaminika. Walowezi waliuheshimu kwa muda, kisha zikaja mvua nzuri za miaka michache wakajisahau, wakavuka na majembe yao. Magofu ya nyumba zao za mawe yako hadi leo, kuta nne na bomba la moshi, bila paa, katikati ya tambarare isiyo na mti.

Burra ulikuwa mji wa shaba. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1845, na wachimbaji waliotoka Cornwall walipokosa nyumba walichimba kingo za kijito wakahamia humo na wake na watoto. Kufikia 1851 karibu watu 1,800 walikuwa wakiishi ndani ya kingo zile, mpaka mafuriko yakawatoa. Utaratibu wa kutembelea umenipendeza sana: unalipia ofisi ya wageni, unapewa ufunguo wa chuma, unazunguka mji ukijifungulia malango mwenyewe. Hakuna mlinzi wala mtembeza watu. Tumeingia kwenye mashimo mawili yaliyobaki. Ndani kuna sehemu ya moto iliyochongwa kwenye udongo, masizi bado yapo, na dari ya kunifanya niiname. Mama amesimama mlangoni akipima kwa macho. "Watoto wangapi humu?" akauliza. Hakuna kibao kilichojibu.

Jumapili: Peterborough, Magnetic Hill, Parachilna

Peterborough ni mji wa wapenda reli. Hapa zilikutana reli za upana wa aina tatu, milimita 1,067, 1,435 na 1,600, kwa sababu kila koloni la zamani lilijenga ya kwake bila kumuuliza jirani. Mizigo ilishushwa na kupakiwa upya. Mtanzania aliyewahi kusikia habari za Kidatu, mahali ambapo mabehewa ya TAZARA hayawezi kupita kwenye reli ya kati, atatabasamu. Na ile ya 1,067 ndiyo hiyohiyo ya TAZARA. Nusu saa ilinitosha.

Magnetic Hill iko pembeni, njia ya vumbi karibu na Black Rock. Kuna sumaku kubwa ya kuchongwa imewekwa kama alama, na kibao kinachokuelekeza usimame wapi. Unazima gari, unaweka gia huru, unaachia breki. Prado ikaanza kupanda kilima yenyewe, taratibu, halafu kwa kasi. Mama aliita majina ya manabii kadhaa. Mwenyeji wa Machakos anakijua kitu hiki kutoka Kituluni, ambako watu humwaga maji yakaonekana yanapanda. Hakuna sumaku yoyote. Mpangilio wa vilima unaficha upeo wa macho, kwa hiyo mteremko mdogo unauona kama mwinuko. Nimemweleza Mama hivyo, naye akaniambia niyaweke maelezo yangu mfukoni, turudie tena. Tukarudia.

Usiku tumelala Parachilna, kituo cha reli chenye wakazi wa kuhesabika kwa vidole, milima ya Flinders ikiwa ukuta mwekundu mashariki. Prairie Hotel ina jina kwa jikoni yake: ngamia, kangaruu, emu. Mimi nimekula viazi na keki ya quandong, tunda la porini jekundu na chachu, kwa sababu nyama yenyewe sikuwa na uhakika imechinjwaje. Mama hakuwa na shida hiyo. "Kangaruu ni swala tu," alihukumu, akamaliza sahani.

Milima hii ndiyo iliyobadilisha kitabu cha historia ya uhai. Mwaka 1946 mwanajiolojia Reg Sprigg aliona kwenye mawe ya vilima vya Ediacara alama za viumbe laini walioishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla ya viumbe wenye magamba na mifupa. Mwaka 2004 kipindi kizima cha dunia kikapewa jina la vilima hivyo. Hifadhi yake, Nilpena, unaingia kwa ziara ya kupangiwa tu, na sisi hatukuwa tumepanga.

Jumatatu: Marree

Kutoka Lyndhurst kuna majabali ya udongo wa rangi: mwekundu, wa manjano, mweupe, zambarau. Wenyeji wa nchi hii waliuchimba na kuuza umbali wa mamia ya kilomita tangu zamani. Tumesimama dakika chache, upepo ulikuwa mkali.

Marree ndipo nilipotaka kufika kuliko pengine pote, hata kuliko Coober Pedy, mji wa nyumba za mashimoni.

Mji huu uliitwa Hergott Springs, na ulikuwa bandari kavu ya ngamia. Wazungu walipotaka kuingia katikati ya Australia farasi wao walikufa kwa kiu, wakaagiza ngamia na watu wa kuwaongoza. Mwaka 1866 Thomas Elder alileta zaidi ya ngamia 120 na wachungaji 31 kupitia Port Augusta. Waliitwa wote "Waafghani", ingawa wengine walikuwa Wabaluchi, wengine watu wa Peshawar, Sindh na Punjab. Walibeba pamba ya kondoo, unga, nguzo za telegrafu, mataruma ya reli na hata piano. Treni iliyofuata njia zao hadi Alice Springs mwaka 1929 ikabaki na jina lao, the Ghan. Reli ile ya zamani ilifungwa mwaka 1980. Injini zake mbili tatu zimeachwa Marree zikioza kwa jua mbele ya kituo.

Reli ilipasua mji katikati. Upande mmoja Wazungu na hoteli yao ya ghorofa. Upande wa pili Waafghani na wenyeji Waaborijini. Hata makaburi yamegawanywa vivyo hivyo, nimeyatembelea kabla ya jua kuzama: sehemu tatu ndani ya uzio mmoja. Wengi wa wale wachungaji hawakuja na wake, wakaoa wanawake wa Kiaborijini, na koo zao zipo hadi leo. Baada ya sheria za 1901 na 1903 za kuwabagua wasio Wazungu hawakuweza kuwa raia wa nchi waliyoibeba mgongoni. Malori yalipoingia, bunge la Australia Kusini likapitisha mwaka 1925 sheria ya kuruhusu ngamia wauawe. Wachungaji wengi waliona heri kuwaachia porini, na ndiyo asili ya makundi makubwa ya ngamia mwitu wa leo.

Msikiti walioujenga hapa miaka ya 1880 hutajwa kuwa wa kwanza nchini. Ule wenyewe haupo. Kilichopo ni nakala yake kwenye uwanja wa katikati ya mji: kibanda cha magogo na udongo, paa la nyasi, kadogo kuliko msikiti wowote wa mtaani kwetu. Wa asili ulikuwa na birika la kutawadhia mbele yake, maji ya chemchemi. Minazi hakuna, lakini mitende waliyoipanda ipo, mirefu, majani yake yakichakarishwa na upepo.

Nikaswali Magharibi pale. Arusha kibla ni kaskazini; hapa unaelekea karibu kabisa na mahali jua lilipozama, kaskazini kidogo ya magharibi. Mama, Mpentekoste wa kweli, alinishikia viatu mbwa wa jirani asivichukue, akaniuliza nilipomaliza kama wale watu waliandikiwa barua na kwao. Nilimwambia sijui. Akasema lazima waliandikiwa, mama zao wangeachaje.

Hoteli ina chumba cha picha zao. Kuna moja ya ngamia aliyebebeshwa magunia pande zote mbili, na kijana wa kilemba ameshika kamba, anatazama pembeni kama mtu aliyeambiwa asicheke. Nimekaa nayo muda.

Jumanne: angani, kisha njia ya Oodnadatta

Asubuhi nimepanda ndege ndogo kuona Marree Man. Bei yake inakula ujira wa zaidi ya siku moja shambani, na Mama alikataa katakata: ndege iliyomleta Australia inamtosha hadi kufa. Tarehe 26 Juni 1998 rubani mmoja wa ndege za kukodi aliona chini yake, kwenye tambarare isiyo na kitu, mchoro wa mwanamume mwenye kijiti cha kurusha mkononi. Ana urefu wa kilomita 2.7 na mzunguko wa mistari yake ni kilomita 28. Aliyeuchora hajajulikana hadi leo. Zilikuja faksi zisizo na jina, zikitumia maili na yadi na maneno ya Kimarekani, zikazidisha minong'ono. Mwaka 2018 tajiri Dick Smith aliahidi dola 5,000 kwa atakayeleta jibu, hakupatikana. Mistari ilikuwa imefifia, mwaka 2016 ikachongwa upya kwa greda. Ardhi yenyewe ni ya watu wa Arabana, waliotambuliwa na mahakama mwaka 2012.

Kutoka juu kwanza huoni kitu. Rubani akalaza bawa upande wangu, akaniambia tazama kivuli, usitazame mstari. Hapo goti likajitokeza, halafu paja, halafu mkono. Ukimwona mara moja humpotezi tena.

Tumeshusha upepo wa matairi, tumejaza maji, tumesoma kibao cha barabara kinachoonyesha ipi imefungwa na ipi wazi (ukipita iliyofungwa unapigwa faini), tukaingia njia ya Oodnadatta. Ni vumbi na changarawe kilomita zaidi ya 600 hadi Marla, na rasta ambazo hakuna aliyezijenga, magari yenyewe yamezichora. Mama anaendesha kwa kasi isiyobadilika huku akiimba pambio.

Mbele kidogo unavuka uzio wa mbwa. Ukiutazama ni waya tu, urefu wa kimo cha mtu, na geti la mabomba barabarani. Lakini waya huo umetoka Queensland na unakwenda hadi pwani ya kusini, zaidi ya kilomita 5,600, kuwazuia dingo, mbwa mwitu wa huku, wasiwafikie kondoo. Kusini yake kondoo, kaskazini yake ng'ombe. Kuna watu wameajiriwa kuukagua na kuuziba, kila mmoja na kipande chake, mwaka hadi mwaka. Nilishuka nikaushika. Ni hapo wazo lililokuwa likinizunguka tangu Burra lilipokaa sawa: kila kituko tulichosimama kukipiga picha kilikuwa kibarua cha mtu. Shimo la Burra lilikuwa chumba cha mchimbaji, ngamia walikuwa malori, mitende ilikuwa chakula cha njiani. Mtalii amekuja baadaye na kamera. Na mimi niko katikati, nimepewa viza ya kuwa vyote viwili.

Alberrie Creek ni kinyume chake, vitu vya kazi vilivyoachishwa kazi. Fundi makanika Robin Cooke aliijaza nyika kwa sanamu za vyuma chakavu. Ndege mbili zimesimamishwa kwa mikia, mbawa zimegusana, pua zinatazama mbinguni, wanaiita Planehenge. Kuna na mbwa mkubwa aliyetengenezwa kwa tangi la maji la reli. Mama ameyaona yote kama ufujaji. "Ile bati ingefunika nyumba."

Ziwa Kati Thanda, au Lake Eyre, tumeliona kutoka kituo cha kutazamia upande wa kusini: chumvi nyeupe hadi upeo, tone la maji hakuna. Sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 15 chini ya usawa wa bahari. Juu ya chumvi ya ziwa hili, tarehe 17 Julai 1964, Donald Campbell aliendesha gari kwa maili 403 kwa saa, karibu kilomita 649, akavunja rekodi ya dunia.

Kisha chemchemi. Chini ya miguu yetu kuna bonde la maji ya ardhini la kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, na hapa maji yanapata upenyo. Bubbler ni dimbwi lililo juu ya kichuguu cha udongo. Kila baada ya muda mchanga wa chini unavimba kama uji unaoanza kuchemka, unatoa duara la mapovu, unatulia. Waarabana husimulia kwamba hapo nyoka mkubwa aliuawa, na kule kuchemka ni kutapatapa kwake. Dimbwi la jirani, Blanche Cup, ni jiko alimopikwa. Kati ya maelezo yote ya safari hii, ya kisayansi na yasiyo ya kisayansi, hilo ndilo Mama alilolikubali bila swali.

Tumepiga hema Coward Springs, kituo kingine cha treni ya zamani, penye mitende na bwawa dogo lililozungushiwa mataruma ya reli. Maji ni vuguvugu, nje nyuzi zinashuka kuelekea sifuri. Mama ameingia na kitenge chake, akakaa hadi vidole vikakunjamana. Tumekula sombe (kisamvu) baridi na ugali wa semolina, maana unga wa sembe uliishia Renmark.

Jumatano: William Creek

Kijiji cha watu wasiozidi idadi ya abiria wa hiace. Baa ya mwaka 1887, kuta na dari zimefunikwa kwa kadi za biashara, kofia na vitambulisho vya wapita njia. Kimezungukwa na Anna Creek, ranchi inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Hata baada ya kumegwa ilipouzwa mwaka 2016, Unguja na Pemba kwa pamoja zingeenea humo zaidi ya mara tano. Mafuta ni ghali. Tukajaza, tukalalamika, tukaondoka.

Kilomita 166 za mwisho za vumbi. Unajua umekaribia Coober Pedy pale nchi inapojaa vilima vidogo vyeupe vyenye ncha, maelfu, kila kimoja kando ya shimo. Vibao vinaonya kwa picha: usikimbie, usitembee kinyumenyume. Hicho cha pili ni cha wapiga picha, na si mzaha.

Alhamisi: Coober Pedy

Tumelala chini ya ardhi. Mlango uko ubavuni mwa kilima kama mlango wowote, kuna hata kizulia cha miguu, halafu unaingia na kilima kinakufunika. Ukuta wa chumba changu ni jiwe laini la rangi ya maziwa na kutu, umechorwa miduara mikubwa na meno ya mashine ya kuchimbia, na umepakwa gundi ili vumbi lisidondoke kitandani. Dirisha hakuna. Kuna bomba linalopanda hadi juu kuleta hewa. Ukitembea kilimani nje unayaona mabomba hayo yamechomoza kila mahali, na unajua chini ya miguu yako kuna mtu anapika. Nikazima taa. Nimewahi kuona giza la kijijini, lakini kijijini kuna nyota, kuna ufa wa mlango. Hapa unafumba na kufumbua jicho bila tofauti. Mama aliacha simu ikiwaka usiku kucha.

Sababu ya kuishi hivi ni jua. Kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, ndani linabaki kwenye ishirini na kitu mwaka mzima bila kulipia umeme wa kupozea. Opali, jiwe la thamani linalochimbwa huku, iligunduliwa hapa Februari 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa na kundi lililotafuta dhahabu. Wachimbaji walikuta kwamba shimo la kazi ni baridi kuliko hema la kulala, wakahamia. Baadaye wakaja Wagiriki, Waserbia, Wakroatia, Waitaliano, na kila mmoja akachimba na chake. Kanisa la Waserbia, la Mtakatifu Eliya, limechongwa lote ndani ya jiwe mwaka 1993: dari ya kuba, watakatifu wamechongwa ukutani, mwanga unaingia kwenye vioo vya rangi upande mmoja. Mama alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Akajaribu sauti, ubeti mmoja tu wa pambio, na jiwe likamrudishia mara mbili.

Mji wenyewe juu ya ardhi ni wa hovyo, na nasema kwa upendo. Mabati, magari mabovu, mti wa chuma chakavu uliosimamishwa kilimani na mtu aliyetaka watoto wake wawe na mti wa kupanda, chombo cha anga kilichosazwa na watengeneza sinema. Uwanja wa gofu hauna nyasi. Unatembea na kipande chako cha zulia la kijani la kupigia mpira. Kwenye sinema ya wazi kuna tangazo la zamani linalowaomba wateja wasiingie na baruti.

Kilichonigusa mimi ni upekuaji wa vifusi. Kuna eneo la umma ambapo yeyote anaruhusiwa kukaa juu ya lundo la udongo uliotupwa na wachimbaji na kutafuta kilichowaponyoka. Mtoto wa Arusha anayajua haya. Nimekua nikiwasikia wanaapolo, wachimbaji wa Mererani, wakihadithiana kwenye vijiwe vya chai, na wanawake wa chekecheke wanaokesha kwenye vifusi vya tanzanite. Mererani tangu 2018 kuna ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi. Hapa hakuna ukuta. Mtu binafsi anakata kibali, anapima kipande cha mita 50 kwa 50 au 100 kwa 50, anapigilia vigingi, basi. Sijui kama mfumo huu ungehamishika. Bei ya jiwe, ukubwa wa nchi na idadi ya watu havifanani hata kidogo. Lakini nilimwonea wivu yule mzee tuliyemkuta lundo la pili, amekalia ndoo, anachambua kwa mkono kokoto moja moja, hana anayemfukuza.

Alitufundisha bila kuombwa. Lowesha jiwe kwa mate au chupa ya maji. Geuza taratibu juani. Ukiona rangi nyeupe ya kawaida, tupa. Ukiona cheche ya kijani au nyekundu inayohama ukigeuza, acha kupumua. Opali ni vijiduara vidogo mno vya silika vilivyojipanga na maji kidogo katikati, na mpangilio huo ndio unaopasua mwanga kuwa rangi. Ilitengenezeka hapa kwa sababu jangwa hili lilikuwa bahari. Makumbusho yana makombe ya bahari yaliyogeuka opali yote, umbo la kombe, rangi za tausi.

Mama alipata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, chenye kijani upande mmoja. Mzee akakitazama kwa lenzi, akasema ni halali kabisa na hakina thamani yoyote. "Nani amesema nauza?" akajibu Mama kwa Kiswahili, akakifunga kwenye ncha ya kitenge.

Ijumaa: Stuart Highway

Lami, hatimaye. Kilomita zaidi ya 500 hadi Port Augusta, na mwili bado unatetemeka kwa kumbukumbu ya rasta. Woomera, mji wa majaribio ya makombora tangu 1947, uliofungiwa watu wa nje hadi 1982, una bustani ya roketi kando ya barabara. Setilaiti ya kwanza ya Australia ilirushwa huku mwaka 1967, na Wajapani walishushia huku vumbi walilochota kwenye asteroidi, miamba inayolizunguka jua, mwaka 2010 na 2020. Vitu vyenyewe ni vyuma virefu vimepakwa rangi, bila kivuli. Nilizunguka haraka. Mtu aliyekaa kambini kwa sababu ya mabomu hataki kupigwa picha na bomu, na Mama alibaki kwenye gari.

Jumamosi: kurudi

Ziada kwa mwenye mpango: njia hii ni ya Mei hadi Agosti. Kiangazi ni cha kufa. Gari la juu, maji ya kutosha siku mbili za ziada, na usiendeshe magharibi inapoingia, kangaruu hawana adabu. Simu hushika mijini tu. Mimi nina siku bado za kumalizia kwenye zile 88, baada ya hapo nataka kwenda Mount Gambier, kusini, kuna shimo kubwa la mawe ya chokaa ambalo mtu aliligeuza bustani ya maua.

Karibu na Riverland kuna vibao na pipa la kutupia matunda, kwa ajili ya nzi wa matunda. Ukikamatwa na tunda ndani ya gari unalipa faini nene. Mama alikuwa na mfuko mzima wa matufaha ya Port Augusta. Nikamwonyesha pipa. Akazima gari, akafungua mlango, akagawa mafungu mawili sawa juu ya boneti.

"Chakula hatutupi," akasema. "Anza na yale makubwa."